Karata ya Bibi Maeng Iliyotua Kimya

Pyo Geum-ran alikuwa mlezi wa wazee wa kwenda nyumba kwa nyumba pale wilayani Goheung, mwenye cheti, skuta nyekundu na mdomo usiojua likizo. Kati ya wazee wake wanne, aliyempenda kuliko wote, na msinibishie, ni Bibi Maeng wa miaka themanini na minne. Kila siku, akishamwogesha na kumpikia supu ya mwani, walitandika blanketi sakafuni wakacheza karata za maua. Bibi hakujua kuweka karata chini polepole. Aliibamiza, paa! mpaka mbwa wa jirani akabweka.

"Umekwisha, binti yangu! Rudi jikoni ukalie huko!"

Jumatatu moja karata ikatua kimya. Ya pili nayo kimya, tena kwa mkono wa kushoto. Geum-ran akaupandisha mkono wa kulia wa sweta ya Bibi. Alama za vidole vinne, zambarau tupu.

"Nilijikwaa kwenye mitungi ya kabichi ya kimchi."

"Mama, mitungi niliihamisha mwenyewe tangu mwaka jana. Ni Du-ho?"

Du-ho ni mwanawe wa pekee, aliyerudi kutoka jiji la Busan hana kazi ila chupa. Bibi akakusanya karata.

"Ukimtaja mwanangu kwa mtu, usikanyage tena hapa. Nitacheza na mbwa."

Loo! Geum-ran alikaa juu ya skuta bila kuiwasha. Sheria aliijua, walikaririshwa kila mwaka: mlezi akishuku tu kwamba mzee anaumizwa, lazima aripoti, kuthibitisha si kazi yake. Akampigia msimamizi wake.

"Tusiharakishe, dada Pyo. Mwana ndiye aliyetia sahihi mkataba."

"Basi sahihi yake ikamfunge mama yake bandeji!"

Akamkatia simu, akapiga namba ya ulinzi wa wazee. Hakumwogopa Du-ho, wala msimamizi. Aliogopa kulikosa lile blanketi.

Maafisa wawili walifika mchana uleule. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa na ufa. Du-ho alilia mbele yao, akakiri kwamba alimvuta mama yake wakigombania chupa ambayo mama aliificha. Akahamishiwa kwa mjomba wake, akaanza kutibiwa ulevi; mama yake anamwona Jumapili, afisa akiwepo. Bibi Maeng naye akatuma salamu: yule mmbeya asirudi. Akapangiwa mlezi mwingine, na kwa wiki saba Geum-ran alipita mbele ya lango lile akijitia hamnazo, moyo unamuuma kweli.

Wiki ya nane simu ikalia akiwa anakata vitunguu.

"Wewe mmbeya. Huyu waliyeniletea ananiachia nishinde. Ananiona mtoto!"

"Mama..."

"Plasta ya mkono wameitoa leo. Unakuja, au unaogopa kushindwa?"

Skuta haikuchagua mashimo. Alikuta blanketi limeshatandikwa, karata zimeshagawanywa. Hakuna aliyeomba radhi. Bibi akachagua karata, akainua mkono wa kulia juu kabisa, akaibamiza. Paa! Mbwa wa jirani akabweka.

"Umekwisha, binti yangu!"

Geum-ran akajifuta machozi kwa kiwiko, akaangalia karata zake. Alikuwa nayo ya kushinda.

"Bado, Mama," akasema, akaibamiza.