Prudensia Apima Mashine ya Theluji

Prudensia Kessy alipotangaza mezani kwamba anataka kununua mashine ya kurusha theluji, mumewe Humphrey aliweka kijiko chini akamtazama kana kwamba amesema anataka kufuga ngamia. Ilikuwa mwezi wa Oktoba. Joto la Cedar Hill lilikuwa bado halijaondoka, na kiyoyozi kilinguruma dirishani.

"Mama Glory, tuko Texas," alisema Humphrey.

"Najua tuko wapi. Na mwaka ule tulikuwa hapa hapa."

Katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kuelezwa mwaka ule ni upi.

Prudensia alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Rombo, akasomea uuguzi Moshi, na kwa miaka kumi na minne sasa alifanya kazi katika kliniki ya wagonjwa wa figo kusini mwa Dallas. Wagonjwa wake huja mara tatu kwa wiki, huketi kwa muda wa saa nne kwenye kiti huku damu ikitoka, ikisafishwa na mashine, na kurudi mwilini. Anayekosa siku moja huvimba miguu. Anayekosa siku mbili, maji huanza kumpanda mapafuni.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa jirani yake. Theodora, mjane Mkenya wa miaka sabini na miwili, aliishi nyumba ya nne kutoka kwao, juu zaidi kwenye mtaa ule ule wenye mteremko mkali. Binti yake wa pekee, Nyaboke, alikuwa Missouri City karibu na Houston, mwendo wa saa nne kwa gari barabara ikiwa safi. Februari ya mwaka elfu mbili ishirini na moja haikuwa safi. Barafu iliufunika mtaa siku nne, umeme ukakatika, na Theodora akakosa siku zake mbili. Jioni ya siku ya nne alipiga simu, na Prudensia akasikia pumzi kabla ya maneno. Alipanda kilima kwa magoti na viganja. Alimkalisha yule mama wima, akamwekea mito mgongoni, akamshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika, nalo likakwama chini ya mteremko. Vijana wawili wa gari hilo walipanda kwa miguu, wakamteremsha kwa blanketi. Mmoja aliteleza, wakaanguka wote watatu.

Theodora alikaa hospitali siku tisa. Alirudi, lakini hakuwa tena yule aliyezoea kulima mboga nyuma ya nyumba. Prudensia hakusahau jinsi blanketi lile lilivyogonga chini. Ujuzi alikuwa nao, dawa zilikuwepo, na kliniki ilikuwa dakika kumi na tano tu kutoka pale. Kilichomshinda ni mteremko.

Ndiyo maana alipoona tangazo kwenye kundi la simu la Watanzania wa Dallas na Fort Worth, hakulipita. Mtu aitwaye Gelasius, aliyehamia Haltom City kutoka Buffalo, mji wa theluji nyingi, alikuwa anauza mashine ndogo ya betri, ile ya bei rahisi kabisa, pamoja na betri mbili.

"Kitu rahisi kitakufa siku ya kwanza," alisema Humphrey.

"Inawezekana. Ndiyo maana nitaipima kabla sijainunua."

Kwanza alimpigia kaka yake mdogo, Elimringi, aliyekuwa Minnesota mwaka wa kumi na moja. Elimringi alicheka mpaka akakohoa. Alipoona dada yake hacheki, akatulia.

"Dada, theluji yenu ikoje? Laini kama unga?"

"Hapana. Inaanza mvua, halafu zinakuja chembe ngumu kama mchele. Zikilala usiku mmoja, zinakuwa kioo."

"Basi sikiliza. Ya kwangu ni ya petroli, ina meno ya chuma, hiyo inatafuna chochote. Hiyo ndogo ina mapanga ya plastiki yenye kingo za mpira. Inarusha kilicholegea. Kikishagandana, itarukaruka juu yake tu."

"Kwa hiyo haifai?"

"Sijasema haifai. Nasema sijui, maana sijawahi kuishi huko. Ipime kwa barafu ya aina yenu."

Barafu ya aina yao, mwezi wa Oktoba, katika mji ambao watu walikuwa bado wanavaa kandambili! Prudensia alilitafakari jambo hilo siku tatu, akiendesha gari kwenda kazini na kurudi. Siku ya nne, akiwa anamfunga mgonjwa bendeji, likamjia. Miaka iliyopita binti yao Glory alisherehekea siku yake ya kuzaliwa kwenye uwanja wa ndani wa kuteleza barafuni. Nyuma ya jengo lile, juani, palikuwa na lundo jeupe linaloyeyuka. Kuna gari linalokwangua uwanja kila baada ya muda, na makwangulio yake humwagwa nje.

Alipiga simu uwanjani, msimamizi akadhani ni mzaha, akakata. Prudensia akaenda mwenyewe baada ya zamu, akiwa na sare zake za kazi, akasimama mbele ya yule bwana akamweleza habari ya Theodora bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Bwana yule alijikuna kidevu.

"Jumamosi saa tatu asubuhi," alisema. "Na utasaini karatasi kwamba ukijiumiza, sisi hatumo."

Jumamosi Gelasius alifika na mashine nyuma ya pikapu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye haya kidogo.

"Dada, tangu nianze kuuza vitu sijapata mteja wa namna hii," alisema akiishusha. "Wengine wanauliza tu inawaka au haiwaki."

"Kuwaka hata taa inawaka," alijibu Prudensia. Alichomoa daftari dogo mfukoni na kutazama saa yake, ile ya kuhesabia mapigo ya moyo.

Gari la uwanjani lilikuwa limetoka kumwaga lundo jipya. Prudensia alilitandaza kwa beleshi likawa kina cha kiganja, akabonyeza kitufe, akasukuma. Mashine ilinguruma kwa sauti nyembamba, na makwangulio yakaruka pembeni hatua nne nzima. Gelasius alipiga makofi. Humphrey, aliyekuja kwa kisingizio cha kubeba vitu vizito, alisogea karibu bila kujijua.

Kisha wakaenda upande wenye jua, kwenye lundo lililoanza kuyeyuka. Hapo mashine ilienda hatua tatu, ikatema uji, na bomba likaziba. Gelasius aliinama akapeleka vidole mle ndani.

"Mkono!" Prudensia alimfokea kama anavyofokea wanafunzi wa uuguzi. "Toa betri kwanza! Tafuta kijiti!"

Gelasius aliurudisha mkono kifuani kama aliyeungua. Walitoa betri, wakazibua kwa kijiti, na Prudensia akaandika.

Lundo la tatu lilikuwa la jana yake, kivulini, limekauka na kushikana. Mashine iligonga, ikaruka, ikagonga tena. Alama iliyoacha ilikuwa kama ya kucha. Prudensia alijaribu mara sita, kwa pembe sita tofauti, jasho likimtoka. Hakuna kilichobadilika.

Mwisho alipima betri. Ya kwanza ilifanya kazi dakika ishirini na mbili. Ya pili ilikata roho dakika ya tisa.

Alikwenda kuketi garini peke yake, mlango wazi, daftari gotini. Humphrey alimfuata, akaegemea mlango.

"Umeona mwenyewe," alisema kwa upole. "Haikati barafu. Tunachohofia sisi ni barafu."

"Nimeona. Na nimeona pia kwamba barafu ikiwa bado chembe, inazirusha vizuri kuliko mimi na wewe na mabeleshi kumi." Alifunga daftari. "Kosa letu mwaka ule tulikaa ndani tukisubiri ikome. Ilipokoma, ilikuwa imeshakuwa jiwe. Baba Glory, sitaiacha iwe jiwe. Nitatoka ikiwa bado inaanguka."

"Kila mara?"

"Kila baada ya saa mbili. Ninapima wagonjwa presha kila nusu saa, hilo litanishinda?"

Humphrey akaenda kuipakia mashine. Ile betri ya pili Prudensia aliikataa waziwazi, akaagiza mpya. Gelasius hakubisha.

Novemba na Desemba walijiandaa. Walipima mtaa kwa hatua, kutoka mlango wa Theodora hadi barabara kubwa chini, ambayo jiji huimwagia mchanga: hatua mia na arobaini. Kuusafisha mtaa mzima kusingewezekana. Lakini gari halihitaji mtaa mzima, linahitaji mistari miwili ya magurudumu. Wakaweka mifuko ya mchanga gerejini, mabeleshi mawili, na sururu. Theodora aliwatazama kutoka kibarazani akiwa amejifunga shali.

"Sasa nyinyi mnajisumbua hivi juu yangu?" aliuliza.

"Mama, wewe kazi yako ni kupunguza maji unayokunywa," alijibu Prudensia. "Hii nyingine tuachie."

Dhoruba ilikuja Januari. Kliniki iliwaita wagonjwa wote Ijumaa kabla haijafika, na zamu iliyofuata ikapangwa Jumatatu. Jumamosi saa nne asubuhi chembe za kwanza zilianza kugonga mapaa. Saa sita Prudensia alikuwa nje na makoti mawili, akisukuma. Betri moja ikifanya kazi, nyingine ilikuwa jikoni ikichajiwa. Humphrey alifuata nyuma akimwaga mchanga. Majirani walichungulia madirishani. Saa nane wakarudia, saa kumi wakarudia, na saa kumi na mbili jioni, giza likiingia, mistari miwili ilikuwa bado inaonekana kutoka juu hadi chini.

Lakini usiku ni lazima mtu alale. Asubuhi ya Jumapili walikuta tabaka la unene wa vidole viwili limeshagandana. Mashine ilirukaruka kama ilivyofanya siku ile kivulini. Prudensia aliizima, akachukua beleshi. Walivunja, wakakwangua, na mchana dhoruba iliporudi na chembe mpya, akaiwasha tena. Kufikia jioni vidole vyake vilikuwa havikunjiki, Humphrey akamshikia kikombe cha chai.

Jumatatu mbingu zilikuwa safi na baridi ilikata masikio. Kati ya hatua zile mia na arobaini, mia na ishirini na tano zilikuwa na mchanga unaokanyagika. Kumi na tano za mwisho, chini ya miti ya mialoni pasipofika jua, zilikuwa kioo kitupu. Mashine haikuwa na la kufanya pale, na Prudensia hakuipeleka hata kuijaribu. Humphrey alishika sururu. Jirani mmoja, mzee Mmarekani ambaye kwa miaka yote walikuwa wakipungiana mikono tu, alitoka na ndoo ya majivu ya mekoni mwake, akamwaga bila kuuliza, akarudi kuleta nyingine.

Saa nne kasoro robo walimweka Theodora kwenye kiti cha nyuma. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, lakini pumzi yake ilikuwa sawa. Humphrey aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Walipofika chini ya mialoni, nyuma ya gari ilihama upande, taratibu, kama upana wa shubiri mbili. Theodora alifumba macho.

"Usikanyage breki," alisema Prudensia. "Liache lenyewe."

Magurudumu yakashika majivu. Gari likajinyoosha, likaingia barabara kubwa.

Kliniki ilikuwa na wauguzi wawili kati ya sita, na wagonjwa tisa wakingoja. Prudensia alinawa mikono iliyopasuka kwa baridi, akamkalisha Theodora kwenye kiti, akatafuta mshipa. Sindano iliingia mara ya kwanza.

"Umechoka, binti yangu," alisema Theodora.

"Nimechoka sana, mama. Tulia hivyo hivyo."

Alifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni, na wagonjwa wote tisa walisafishwa damu.

Alhamisi, barabara zilipofunguka, Nyaboke alipiga simu kutoka Missouri City. Alilia kwanza, halafu akasema, "Auntie, nataka ku-order mashine kama hiyo yenu. Moja ya mama na moja yangu huku. Ni poa, ama?"

Prudensia alikuwa ameinua miguu kwenye stuli, mikono imepakwa mafuta. Alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu aliulizwa kwa dhati.

"Ya kwako usinunue. Huko kwenu ni tambarare, na theluji mnaiona kwa nadra. Nunua beleshi na mchanga. Ya mama pia usinunue, hawezi kuisukuma. Hii yetu inafaa kwa mtu mwenye mteremko, mwenye betri mbili nzima, na ambaye yuko tayari kutoka nje mara nne kwa siku inapoanguka. Kama atakaa ndani akisubiri, atakuwa ametupa hela yake."

"Na wewe, unge-buy tena?"

"Ningeinunua tena," alisema Prudensia. "Ila mwakani usiku tutapeana zamu. Nimeshamwambia Baba Glory, na yule mzee wa majivu amesema zamu ya alfajiri ni yake."