Alama ya Hamsini ya Mama

Mama yangu, Verlene Stroud, amewafundisha watoto watano kwenye meza ya jikoni kwetu hapa Nebraska, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusifiwa. Saa za darasa humwiti Mama, unamwita Bi Stroud. Kalamu yake nyekundu inajua neno moja tu: Rudia. Mimi, Tamsin, ndiye kitinda mimba, namaliza masomo mwezi wa tano. Tangu Krismasi Mama alikuwa akiifuta meza ile mara tatu kwa siku, na haina hata doa.

Basi nikamwandikisha kwenye jumuiya yetu ya mtandaoni, ya watoto wanaosomea nyumbani na kutunga hadithi. Unaingia ukiwa Msomaji, unapanda kuwa Mchangiaji, kisha Mhakiki, na juu kabisa ni Mlezi, anayepewa watoto kumi na wawili awafundishe mwaka mzima. Hao kumi na wawili ndio Mama aliowataka. Unatoa maoni kwenye hadithi. Mwenye hadithi akiona umemfaa, anabonyeza "Imenisaidia", nawe unapata alama moja. Ulezi ni alama hamsini, na wanapandisha watu mara moja tu kwa mwaka.

Jamani, alivyolivalia njuga jambo hilo. Ila wiki ya kwanza hakuambulia kitu.

"Mama, ukianza na Rudia, nani atakubonyezea?"

"Kwani nimesema uongo?"

"Hujasema. Lakini anza na kizuri, hata kimoja."

Akaninunia siku mbili, kisha akashika somo. Alama zikawa zinaingia wiki hadi wiki, mkate wa mahindi unaungua, Baba anakula hivyo hivyo.

Jumamosi ya mwisho alikuwa na arobaini na tisa. Alibakiwa na nafasi moja ya maoni, maana kila wiki ni tatu tu, na saa sita mchana walikuwa wanafunga hesabu ya mwaka. Nami nilikuwa nimeweka hadithi huko kwa jina la Kware, ya mama mwenye kalamu nyekundu. Nikamwona Mama anaandika, anatuma, anarudi kukanda unga. Simu yangu ikalia, maoni yake yameingia.

"Kware, mama huyu nimemwona mzima mzima. Binti yake ana kipaji, na ilibidi aambiwe zamani. Ila ukurasa wa pili una haraka."

Nikabonyeza papo hapo. Hamsini. Nikakimbilia jikoni, nikamkumbatia na unga wake.

"Bi Stroud, umekuwa Mlezi!"

"Nani kasema? Kanuni hujasoma wewe? Alama ya mtu wa nyumba moja haihesabiwi. Nimeshawaandikia wasiihesabu."

"Kumbe ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine anaweka 'kwa hakika' mara tatu kwenye aya moja? Miaka kumi na miwili nasoma maandishi yako, mtoto wewe."

"Sasa nafasi ya mwisho umeitupa bure, Mama. Mpaka mwakani."

"Sijaitupa." Akajifuta mikono kwenye aproni, akanivutia kiti. "Wale kumi na wawili watanisubiri. Kaa hapa. Ukurasa wa pili, rudia."

Nikakaa, nacheka, machozi yananitoka. Sijawahi kurudia kazi kwa furaha namna ile.