Ute wa Konokono

Maabara nzima ilimwita Mama Konokono, na jina hilo alilipokea kwa kicheko, maana lilikuwa la kweli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwalisha majani na kuwabadilishia maji konokono wanaoeneza kichocho. Kwenye karatasi za kazi aliitwa mhudumu. Alitaka kitu kimoja tu: aandikwe mtaalamu kabla ya kustaafu, na ripoti moja yenye jina lake ingetosha.

Ripoti yenyewe ilianza kwa kosa. Siku moja alitakiwa kupaka mayai ya minyoo ya kichocho kwenye kioo, akapaka ute wa konokono. Akadondoshea maji ya damu ya mgonjwa wa kichocho, kisha dawa ya rangi, na kioo kikawa buluu kana kwamba minyoo imo. Mwingine angekitupa. Yeye alirudia mara nne kwa makusudi, akapima na damu ya watu wenye afya, ambayo haikugeuka rangi, akaandika yote kwenye daftari.

Alimweleza Daktari, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi za maabara, naye binti akimwita shangazi na kula naye kila mchana.

"Shangazi, unajua umepata nini? Minyoo imejaa sukari mwilini, si hii ya chai, na kinga yetu inaitambua kwa sukari hiyo. Kumbe konokono naye anayo ileile! Tutapima kichocho kwa ute tu. Niachie daftari. Usimwambie mtu, tuhakikishe kwanza."

Akamwachia. Akafunga mdomo miezi minane.

Kwenye kikao cha wakuu alikaa nyuma, kavaa gauni jipya. Daktari alieleza vizuri, tena kwa hesabu zilezile za daftari. Jina kwenye ripoti lilikuwa moja, na si lake. Mkurugenzi akauliza wazo la konokono lilitoka wapi.

"Bahati tu," Daktari akajibu. "Mhudumu wetu alichanganya vyombo. Nilipochunguza kosa lake ndipo nikaona."

Watu wakacheka. Mama Konokono hakuwahi kumchukia mtu kiasi kile, na huyu alimpenda kama mwanawe. Mkurugenzi akaagiza wahudumu wasiguse vioo tena.

Baada ya kikao Daktari alimfuata chumba cha konokono, macho chini.

"Shangazi, usinielewe vibaya. Wasingeipokea ripoti yenye jina la mhudumu. Na sasa tutahitaji konokono wengi, hata elfu kwa mwezi."

Mama Konokono alivua aproni taratibu, akambebesha beseni la konokono.

"Basi awafuge aliyegundua," akasema, akatoka.