Pudini Nyeusi Siku ya Sabato

Wazazi wa rafiki yangu walifika mwezi wa Agosti, shule ilipokwisha kufungwa, na masanduku matatu: moja la nguo, mawili ya vyakula. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilifundisha shule ya wasichana juu kidogo ya Nyamira, na katika nyumba niliyopewa nilikaa pamoja na mwalimu wa hesabu, msichana wa umri wangu kutoka Ayalandi. Yeye alikuwa Mkatoliki. Mimi nilikuwa Msabato, binti wa mzee wa kanisa, na nilikuwa sijawahi kuonja nyama ya nguruwe, wala pombe, wala hata majani ya chai tuliyochuma nyumbani kila likizo mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Mwalimu, usiende kwenu likizo hii," rafiki yangu aliniomba. "Kaa nasi. Baba na mama wanataka kutembea, na mimi bado sijui Kikisii cha kutosha."

Nilikubali upesi. Kwetu likizo ilikuwa jembe na kikapu cha chai. Hii ya kupanda gari na kutazama milima bila kuilima nilikuwa sijaijua.

Baba yake alikuwa mchinjaji, mtu mnene mwenye masikio mekundu, na mama yake alikuwa mwembamba, mwenye kucheka kwa urahisi. Kufika tu, mama aliingia jikoni na kuinjika sufuria motoni. Akachemsha viazi na maganda yake, akachemsha kabichi mpaka ikawa kama kitambaa kilicholoa, na katikati ya kabichi ile akatupia kipande cha nyama ya nguruwe kilichokuwa kimefungwa kwa gazeti kutoka kwao. Harufu ilipanda hadi chumbani kwangu. Nilipotoka niliitambua sufuria. Ilikuwa yangu, ile niliyopikia mboga ya mgagani kila jioni.

Mgeni ni mgeni. Nilikula viazi vikavu na chumvi, nikawaambia kwamba tumbo halijatulia. Usiku ule niliisugua sufuria kwa majivu na mchanga mpaka mkono ukauma, lakini asubuhi, nilipoipasha moto, mafuta yale yalitoka tena yakaelea juu ya maji kama macho madogo.

Siku zilizofuata tulizunguka kwa gari la kukodi kutoka Kisii mjini. Walipenda kila kitu. Tulipofika Ikonge mvua ilianza, ile ya baridi inayoshuka na ukungu, na mimi nikatafuta mahali pa kujikinga. Wao walikaa juu ya nyasi! Mama alinyoosha mkono juu ya mashamba ya chai yaliyopanda kilima hadi kilima.

"Tazama kijani hicho, binti. Ni kama kwetu kabisa. Hata mvua ni ya kwetu."

Nilitazama. Niliwaona wanawake waliojifunga magunia viunoni, wamelowa, wakichuma. Mama yangu alikuwa akichuma hivyohivyo saa ile, upande wa pili wa vilima. Mama wa rafiki yangu akanipa mkate ulioloa maji, ndani yake nyama baridi yenye ukanda mpana wa shahamu nyeupe. Nikaushika mpaka wote walipogeuka, nikautupa nyuma ya kichaka. Mchinjaji akafungua chupa ya bia nyeusi. Povu lake lilikuwa la rangi ya maji ya mtaro baada ya mvua.

"Hii si pombe, hii ni chakula," alisema. "Wanawake waliojifungua hupewa kwetu. Onja tu."

Alinisogezea chupa aliyokwisha kuinywea. Shingo yake ilikuwa imelowa mate na povu. Nilitia midomo tu, kwa aibu ya kukataa tena. Ilikuwa chungu kama kwinini, na nyuma ya uchungu kulikuwa na kitu kama uji uliosahauliwa siku mbili. Nilitema kwenye leso yangu wakati yeye anapiga makofi kunisifu.

Ijumaa ya wiki ya pili mchinjaji alikwenda Marani, kwa mkulima mmoja Mkatoliki, akarudi na nguruwe. Mimi nilikuwa nikijiandaa kwa Sabato, nikajifungia chumbani. Jumamosi alfajiri nikaenda kanisani na sikurudi mpaka alasiri, miguu imechoka, tumbo tupu. Nyumba ilikuwa inanukia vitunguu na wimbi. Mezani kulikuwa na sahani ya vipande vya mviringo, vyeusi, vilivyokaangwa vikakauka pembeni.

"Hivi ni nini?" nikamwuliza mama wa rafiki yangu, nikiamini kwamba hawezi kuniandalia nguruwe bila kuniambia.

"Ni pudini, binti. Pudini nyeusi. Keti ule."

Pudini niliijua. Chuoni tulifundishwa kupika ya maziwa na mayai, yenye sukari. Nilidhani hii imeungua kidogo, au imetiwa sukari guru. Nikala kimoja. Kilikuwa laini, chenye chumvi na pilipili manga, na wimbi likisagika mdomoni kama la nyumbani. Nikala cha pili, cha tatu. Nikamsifu. Mama akafurahi mpaka akamwita mumewe kutoka nje aje anione.

Nilikwenda nyuma ya nyumba kunawa. Karai langu la kufulia lilikuwa limeinamishwa ukutani. Pembeni mwake kulikuwa na ukoko mwekundu uliokauka, na nzi walikuwa wameujaa mpaka ulionekana unatembea.

Mchinjaji alinifuata akijipangusa mikono. "Sikupata shayiri," alisema kwa fahari, "ndipo nikatumia unga wenu wa wimbi. Damu iliganda vizuri sana. Na utumbo wa nguruwe yule, safi!"

Nilifika kwenye uzio wa misonobari, sikufika mbali zaidi. Nilitapika nikiwa nimeshika matawi kwa mikono miwili, na kila nilipodhani imekwisha, ladha ya wimbi ilirudi. Rafiki yangu akaja mbio.

"Mmenilisha damu," nikamwambia. "Damu ya nguruwe, siku ya Sabato, kwa unga alioutwanga mama yangu!"

"Nilidhani unajua. Mwalimu, naapa nilidhani umeamua kuonja."

"Tokeni mbele yangu. Mnanuka, ninyi nyote. Nyumba nzima inanuka."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na akasikia. Uso wake ulikwajuka. Sikuomba radhi. Nilichukua kikapu changu, nikatembea hadi kwetu magharibi ile.

Kwetu sikuthubutu kumwambia baba. Niliingia nyumba ya nyanya yangu, tuliyemwita magokoro, mama mzazi wa baba, aliyebatizwa uzeeni. Nilimweleza yote nikilia. Alisikiliza akipepeta wimbi, kisha akauliza swali moja.

"Ilikuwa tamu?"

Nilitaka kusema hapana. "Ilikuwa tamu," nikasema, na hilo ndilo lililonikirihi kupita mafuta, kupita nzi wale.

Jumatatu yake wakaja wote watatu, kuomba msamaha. Rafiki yangu ndiye aliyewaongoza njia. Baba yangu aliwapokea kwa heshima, bila kujua kosa, na mama yangu akawapakulia ugali wa wimbi, mgagani na maziwa ya mgando yaliyolazwa kwenye kibuyu. Mama wa Ayalandi alichovya, akameza, macho yakamjaa maji. Mgagani mchungu ulimshinda. Maziwa yenye harufu ya moshi yalimshinda zaidi. Aliendelea kumeza hata hivyo, akishika meza. Nilimtazama kwa raha. Nilijua ni raha mbaya, nikaendelea kutazama.

Mchinjaji alimaliza chake, akalamba vidole, akaanza kueleza kosa lake. Nikalazimika kutafsiri mbele ya baba yangu. Nilitaka kupunguza, lakini magokoro alikuwa akinitazama, na tayari alijua.

"Mwulize," alisema, "damu aliichanganya ingali moto, au iliyopoa?"

Nikauliza. Iliyo moto, alijibu mchinjaji, akikoroga kwa mkono ili isigande mabonge. Nyanya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwao, alisema, alipokuwa bi harusi, ng'ombe alifungwa shingo kwa kamba, mshipa ukatobolewa kwa mshale mfupi, damu ikakingwa kwenye kibuyu, ikakorogwa kwa kijiti, ikapikwa na maziwa. Ng'ombe akarudi malishoni. Mchinjaji alisogeza kiti karibu. Mshale wa namna gani? Mnatia chumvi? Kila swali lilipita kinywani mwangu, na kila jibu. Nilisema "damu" kwa Kikisii na kwa Kiingereza mara nyingi mno.

Baba aliinuka, akatoka bila kuaga. Tangu utoto wangu alikuwa akifundisha kanisani kwamba walao damu ni watu wa mataifa. Alikuwa amelelewa kwa damu ile, na sasa mwanawe alijua.

Jioni mama yule alinishika mkono kwenye njia. "Nisamehe, binti. Ningekuuliza kwanza."

"Nilisema maneno mabaya," nikamjibu. Sikusema kwamba nayafuta, kwa kuwa harufu ilikuwa bado imo mkononi mwake.

Waliondoka mwisho wa mwezi. Rafiki yangu alikaa mwaka mmoja zaidi, kila mtu na sufuria yake. Baba yangu hakunisemesha Sabato mbili, ya tatu akaniomba nimsomee mahubiri yake kabla ya ibada. Nilitafuta ndani yake habari ya damu. Alikuwa ameandika juu ya ukarimu.