Kiti cha Pili cha Norris Applegarth

Norris Applegarth alikuwa dereva wa basi, na watu wa Leyburn, mji mdogo wa bondeni kaskazini mwa Uingereza, waliomfahamu walisema ndiyo sababu akanunua gari lile. Kutwa nzima alibeba watu mgongoni: bibi vizee na vikapu vyao vya sokoni, wanafunzi wanaorushiana maganda ya machungwa, watalii wenye mabuti ya matope wanaouliza maporomoko ya maji yako wapi ilhali kibao kiko mbele ya pua zao. Jioni alitaka chombo ambacho, hata kama bonde zima lingesimama barabarani likimpungia mkono, angeweza kumchukua mmoja tu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijani iliyokoza, lenye viti viwili na turubai la kukunja badala ya paa. Lilikuwa limekwisha kuwa kuukuu siku aliyolinunua, na tangu hapo miaka ilikuwa imepita mingi tu. Ukikaa ndani, makalio yalikuwa karibu na lami kuliko ulivyopenda kujua. Lilidondosha oili popote liliposimama. Norris alichukua daima kipande cha boksi nyuma ya kiti, na kila alipoegesha alikitandika chini ya injini kama mtu anayemvisha mtoto bibu. Alipokisahau, doa lilibaki. Mchungaji alisema hakuwa na haja ya kutazama waumini vitini ili ajue kama Norris kaja kanisani; alitazama tu changarawe za uani.

Jumamosi ilikuwa siku ya gari. Baada ya kifungua kinywa alimwambia mkewe, Doreen, kwamba anakwenda bandani kuangalia kitu kidogo, na alirudi wakati wa chai ya jioni, mikono myeusi, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka likizo. Injini ilikuwa na kabureta mbili, nazo lazima zivute pumzi sawasawa, la sivyo gari linachechemea. Ili kuzipima alichukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ncha moja akaiweka kwenye kabureta na nyingine sikioni. Siku ya kwanza Doreen alipomkuta hivyo, amefumba macho na mpira sikioni, alirudi ndani polepole.

Doreen aliuza vitambaa na nyuzi katika duka la pale uwanja wa soko. Hakulichukia gari, ila alikuwa amekwisha kuachana nalo. Ilikuwa siku ya harusi ya mpwa wake huko Ripon. Mvua iliwakuta njiani, wakafunga turubai, na katikati ya mteremko vifungo vya upande wake vikafyatuka. Turubai likapaa kama bawa. Kofia ya Doreen ikaruka ukuta wa mawe, ikatua kwenye malisho, na kondoo mmoja akaikanyaga bila haraka yoyote. Katika picha za harusi ile Doreen anaonekana kama mtu aliyeopolewa mtoni na watu wema. Jioni ile alimwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa, "Norris, wewe nakupenda. Gari lako silipandi tena."

Hakulipanda. Walikuwa na gari jingine la kawaida, lenye paa na joto, la kwenda mahali ambapo mtu hutakiwa kufika mkavu. Norris akaanza kuwakaribisha wengine. Jirani yake alipanda mara moja akasema magoti yanamuuma. Mchungaji alipanda mara moja akasema mengi kuliko ilivyompasa mchungaji. Kiti cha pili kikabaki kitupu, na Norris akakizoea.

Halafu mama yake Doreen akaanguka.

Ivy Sowerby alikuwa amevuka miaka themanini na akiishi peke yake Hawes, juu kule mwisho wa bonde. Aliteleza kwenye ngazi za mlango wake akaumia nyonga, na hospitali ilipomwachia, Doreen akamleta nyumbani na kumpa chumba cha nyuma. Alikuja na redio, kopo la vifungo, na maoni. Kuhusu Norris, maoni yake yalikuwa ya zamani. Alitamani bintiye aolewe na dalali wa mnada wa ng'ombe, na miaka ya mwanzo ya ndoa alimwita mkwewe "yule wa basi", hata mbele yake.

Jumamosi moja ya Mei, Doreen akiwa dukani, Ivy alitoka na fimbo yake akasimama mlangoni mwa banda.

"Hicho kitu kitaacha kukohoa lini?"

"Hakikohoi, mama. Nakipasha moto."

"Baba yake Doreen naye alijipasha moto hivyo kila asubuhi. Daktari alikiita kikohozi."

Norris akazima injini. Ivy akalizunguka gari taratibu, akiligusagusa kwa fimbo kama anayechagua kondoo mnadani.

"Linakwenda?"

"Linakwenda."

"Mpaka wapi?"

"Popote pasipo na mvua."

Ivy akatazama mbingu. Ilikuwa safi. "Tangu nije hapa natazama ukuta wa jirani," alisema. "Una mawe mazuri, lakini nimekwisha kuyajua yote. Nitie humo."

Haikuwa kazi rahisi. Norris alitandika mto kitini, Ivy akageuka akakaa kwanza, miguu nje, kisha Norris akaibeba yote miwili na kuiingiza ndani kama mtu anayeingiza ngazi chumbani.

"Na kutoka je?" Norris akauliza.

"Hilo tutalitazama tukirudi. Washa."

Alimpeleka kupitia Middleham, wakapanda barabara ya Coverdale ambako farasi wa mbio hufanyishwa mazoezi, mpaka pale nyumba zinapokwisha na kubaki majani, upepo na ndege. Norris aliendesha kwa upole, kama mtu aliyebeba mayai. Baada ya muda Ivy akamgusa mkono kwa kidole kimoja.

"Ongeza."

"Barabara ina kona, mama."

"Nimezaliwa bonde hili. Kona zake nazijua. Ongeza."

Doreen aliporudi kutoka dukani alimkuta mama yake jikoni, kitambaa cha meza kimefungwa kichwani, pua nyekundu, aiskrimu imekauka kwenye sweta.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nje," alisema Ivy, akaomba chai.

Kuanzia hapo ikawa kila mwisho wa juma palipo na jua, na siku nyingine hata palipo na mawingu tu. Ivy alizisugua taa za mbele kwa kipande cha gaguro lake la zamani. Akajifunza majina ya vitu. Pampu ya mafuta, iliyofungwa nyuma chini ya buti la mizigo, ilikuwa na tabia ya kukwama, na dawa yake ilikuwa kushuka na kuigonga. Ivy alikuwa akiisikia inapoanza kususa kabla Norris hajaisikia, akasema, "Huyo tena," na Norris alisimama pembeni. Walirudi wakicheka mambo ambayo, walipojaribu kuyasimulia mezani, hayakuchekesha mtu.

Doreen alivumilia mpaka Juni. Siku moja wakiosha vyombo akamuuliza mumewe, "Leo mmeongea nini?"

"Na nani?"

"Na mama yangu, Norris. Kuna mwingine unayempeleka milimani?"

"Aa, mengi. Alinihadithia ulivyomtoroka mwalimu wa piano kupitia dirishani."

Doreen akaiweka sahani chini. "Hajawahi kuniambia kwamba alijua."

"Alikuwa amesimama bustanini. Anasema ulitua vizuri."

Maji yalimchuruzika Doreen viganjani. Mama yake alikuwa akiishi naye nyumba moja, akila mezani pake, na mazungumzo yao yote yalikuwa vidonge, soksi na dirisha: lifunguliwe au lifungwe. Na huyu wa basi anapewa hadithi za utoto wake. Wivu ulimpanda, akauonea aibu, kisha akaamua kutouonea aibu. Lakini kiti alikuwa amekikataa mwenyewe kwa kinywa chake, na sasa kilikuwa na mwenyewe.

"Nifundishe kuliendesha," alisema.

Norris alionekana kama mtu aliyeombwa aazimishe meno yake. Hakuna mwingine aliyewahi kushika usukani ule tangu uwe wake. "Gia ya kwanza haitaki papara," alisema hatimaye, na Doreen akajua amekubali.

Walijifunzia kwenye uwanja wa mnada wa mifugo, Jumapili, mabanda yakiwa matupu. Doreen alikuwa dereva wa siku nyingi, lakini wa magari yanayosamehe. Hili halikusamehe. Breki zilitaka mguu mzima na klachi ilitaka paja. Kila gia ilipokwaruza Norris alifumba macho.

"Ukifumba macho utajuaje nikikosea?"

"Nasikia."

"Basi fumba na masikio."

Ivy alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya uzio, amejifunika blanketi, akitoa alama kama mwamuzi wa michezo. Mwanzo alitoa mbili kati ya kumi. Alama zilipofika saba, Norris alishuka garini, akaufunga mlango, na kuwaangalia wanawake wale wawili wakizunguka uwanja bila yeye.

Mwezi wa Agosti walikwenda Hawes, mama na binti, kumsalimu rafiki wa Ivy. Norris aliwatandikia mto, akaweka boksi mahali pake, akaeleza mambo waliyokwisha kuyajua, na gari likatoweka kwenye kona. Nyumba ikawa kimya. Aliosha kikombe, akakikausha, akakiosha tena. Kisha simu ikalia. Alikuwa Ivy, akipiga kutoka baa ya Bainbridge, kijiji cha njiani.

"Limezima. Doreen anasema usije."

"Sasa mbona mmenipigia?"

"Nimepiga mimi. Yeye yuko chini ya gari."

Gari lao la kawaida siku hiyo lilikuwa gereji likibadilishwa matairi. Norris akachukua sanduku la spana, akatoka mbio mpaka uwanja wa soko, na basi la kupanda bondeni lilikuwa karibu kuondoka. Dereva alikuwa Cliff Mudd, ambaye alikuwa amefanya kazi naye tangu wote wawili walipokuwa na nywele.

"Nauli," alisema Cliff.

"Cliff, usinichezee."

"Abiria wote hulipa, bwana. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha." Akamkatia tiketi kwa mbwembwe na kuuliza kwa sauti ya kusikika basi zima, "Kipenzi chako kiko wapi leo?"

"Limezima Bainbridge. Doreen ndiye aliyekuwa akiendesha."

"Na kiti cha pili?"

"Mama mkwe."

Cliff akatia gia. "Kwa hiyo mke kachukua usukani, mama mkwe kachukua kiti. Wewe wamekuachia nini?"

"Spana," alisema Norris, na mama mmoja mwenye kikapu cha mayai akacheka mpaka ikabidi ashikiwe kikapu.

Bainbridge, gari lilikuwa ukingoni mwa kiwanja cha majani, injini inanguruma kwa utulivu. Doreen alisimama kando yake mguu mmoja peku, kiatu mkononi, oili kwenye paji la uso na nyasi kwenye nywele. Ivy alikuwa kwenye benchi na nusu glasi ya bia.

"Umechelewa," alisema Ivy.

"Ilikuwa nini?"

"Pampu. Mwanzo aliigonga kwa adabu mno, kama anabisha hodi. Nikamwambia, mwanangu, fikiria ni yule mwalimu wa piano. Ikafanya kazi mara moja."

Doreen akaanza kucheka. Alicheka kwa namna ambayo Norris hakuwa ameisikia kwa miaka, ameegemea boneti, machozi yanamtoka, na mama yake akacheka kwa sababu yeye anacheka. Norris alisimama na sanduku lake, hana la kurekebisha. Akaisikiliza injini. Haikuwa na kosa hata moja, na jambo hilo lilimuuma kidogo.

Kisha wote watatu wakalitazama gari.

"Mimi na nyonga hii sipandi basi," alisema Ivy.

"Mimi nina funguo," alisema Doreen.

Wakamwachia Norris ile bia iliyobaki. Alimngoja Cliff ageuze basi Hawes, akapanda tena, akalipa tena, na safari hii Cliff alimtazama tu kwenye kioo, mabega yakimtikisika. Norris alikaa dirishani. Aligundua kwamba miaka yote aliyopita barabara hii hakuwahi kuutazama mto hata mara moja, maana macho yake yalikuwa kazini. Ulikuwa mto mzuri. Alipofika nyumbani gari lilikuwa bandani, boksi limetandikwa chini ya injini, na boneti imepanguswa vizuri kuliko anavyoipangusa yeye.

Baada ya hapo juma likagawanywa. Jumamosi zikawa za Ivy na yeyote mwenye usukani. Jumatano jioni, duka likishafungwa, Doreen alijifunga kitambaa kichwani na kukaa kiti cha pili mwenyewe, akisema nadhiri aliyoiweka ilihusu turubai, na turubai alikuwa amelishonea vifungo vipya kwa mkono wake. Alipokwenda na mumewe hawakuongea sana. Mara nyingine aliweka mkono wake juu ya ule wa mumewe kwenye gia, na Norris alichelewa kuibadilisha.

Novemba halmashauri ilianza kumwaga chumvi barabarani, na chumvi hula bati. Gari likafungiwa bandani mpaka masika. Siku moja ya baridi Doreen alitafuta mtu wa kumpikia chai asimwone, si chumbani, si sebuleni. Akasikia redio bandani. Mumewe na mama yake walikuwa wamekaa garini, blanketi moja miguuni, turubai limekunjwa, wanakula keki na jibini na kubishana kama ukuta wa banda ulio mbele yao ni wa Coverdale au wa njia ya milimani ya Buttertubs.

"Hapa hapana nafasi," alisema Ivy. "Tuko safarini."

Doreen alichukua ndoo, akaimwaga maji, akaigeuza na kuikalia kando ya mlango wa abiria. "Nikatieni keki," alisema. "Na mkifika kona ile ya kanisa punguzeni mwendo, kuna kondoo."