Jumanne ni Siku ya Kiingereza

Jirani yangu hapa Penang, Malaysia, Mama Yuxin, anawafundisha wanawe wawili nyumbani, pale pale jikoni. Jumatatu Kichina, Jumanne Kiingereza, hivyo hivyo kwa zamu, na sheria haivunjwi. Sasa, Kiingereza chake ni cha ofisini, kimejaa adabu. Hasira anazo kwa Kichina tu. Watoto waligundua mapema, utundu wote wakauweka Jumanne.

Jumanne iliyopita walimimina wino kwenye uji wa bibi yao. Mama Yuxin akafoka kwa Kichina. Mimi si mmbea, ila dirisha lilikuwa wazi, nikasogea.

"Mama, leo Kiingereza," Yuxin, bintiye wa miaka saba, akamkumbusha.

Mama akasema kwa Kiingereza, "Kwa kweli nimesikitishwa kidogo."

Watoto wakaangua kicheko.

Akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha ufagio wa manyoya, ambao mpini wake ndio fimbo ya nyumba ile. Ule hauna lugha.

Hapo Yuxin akamwaga Kichina safi kuliko cha mwaka mzima: "Mama, tumekosa, tusamehe, haturudii tena!"

Mama akaketi, ufagio mapajani.

"Vizuri sana," akasema kwa Kiingereza. "Sasa tafsiri."