Makofi ya Bibi Yustina kwenye Simu Mpya

Kuna siku moja hunirudia kila nikisikia simu ikilia ndani ya nyumba, mwanangu. Kaa nikusimulie, chai bado ni ya moto.

Nilikuwa kijana. Shule nilikwisha kuiacha, na si kwamba masomo yalinishinda. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya kwenda Mbeya, nami nilitaka kujua kila lori linaelekea wapi. Basi nikayafuata. Nimepakia mahindi Laela, nimeuza samaki Muze, nimechunga ng'ombe wa watu ambao hata majina yao sikuyajua vizuri. Mwaka ule nilikuwa hapa Sumbawanga mjini, kibarua wa kubeba nguzo za simu, na kazi niliipenda kwa sababu niliruhusiwa kuuliza maswali.

Nyumba tuliyofikishia waya siku hiyo ilikuwa ya Mama Yustina, mke wa mfanyabiashara wa nafaka. Simu ikawekwa mezani, nyeusi, nzito kama tofali. Ilipolia mara ya kwanza, aliyepiga alikuwa kaka yake mkubwa, Deogratias, amesimama kwenye simu ya ofisi moja kule Matai. Mama Yustina akanyanyua mkonga, akaitambua sauti. Halafu akaulaza mkonga mezani, akachuchumaa mbele ya meza, akakunja viganja kidogo, akapiga makofi taratibu, yale ya kumsalimu mkubwa kwa Kifipa. Akamaliza yote bila haraka, ndipo akaunyanyua mkonga na kuanza kuzungumza.

Fundi wetu mkuu, ambaye hakuwa mtu wa huku, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwambia, mama, huyo hakuoni. Mama Yustina aliendelea kuzungumza na kaka yake habari za mvua na za mgonjwa fulani, akaagana naye, akaweka mkonga mahali pake. Ndipo akamgeukia.

"Haoni, lakini anasikia," alisema. "Na hata asingesikia, mimi ningejua kama nimesalimu au sijasalimu. Simu imehamia kwangu, baba. Si mimi niliyehamia kwa simu."

Fundi akaacha kucheka. Mimi nikaondoka na maneno yale, na nimezunguka nayo nchi hii mpaka mvi zikaota.

Sasa nikulete huku karibu. Miaka imepita, mumewe amefariki, watoto wametawanyika, naye amekuwa Bibi Yustina. Mimi, kila nikichoka kuzunguka, hurudi na kupanga chumba cha uani kwake. Huniita "mtu wa njia", na kila nikirudi huniuliza kama njia imeisha. Anaishi na mjukuu wake, Skolastika, ambaye sote tunamwita Skola, binti anayefanya kazi halmashauri, mwenye mwendo wa haraka na moyo mzuri.

Ile simu ya mezani ilikuwa bado ipo, lakini imezeeka kuliko sisi. Upepo wa Juni ukivuma kutoka milimani nguzo zinalala, mvua ikinyesha, masikioni unasikia kama mtu anakaanga karanga. Skola akaleta habari kwamba watu wanahamia kwenye simu ya nyumbani inayopita kwenye intaneti. Bibi hakukataa. Wazee wengi wangekataa, mwanangu, nami ningewaelewa. Yeye aliuliza maswali yake, akaketi kusubiri majibu.

Kwanza aliuliza kama namba itabaki ileile, maana namba hiyo watoto wake wameihifadhi kichwani tangu wadogo, na mmoja wao hupotea miaka halafu hupiga ghafla. Fundi aliyekuja kufunga, kijana wa Mbeya aitwaye Gwamaka, akamhakikishia kwamba inabaki, ila laini ya zamani isikatwe kabla namba haijahamishwa, akasimamia jambo hilo mwenyewe. Kisha bibi akauliza, umeme ukikatika itakuwaje? Gwamaka akatabasamu, akasema hilo wengi huwa wanaliuliza baada ya giza kuingia. Akaeleza kwamba simu ya zamani ilipata nguvu yake kwenye waya wenyewe, lakini hii mpya inakula umeme wa nyumba, kwa hiyo akaifungia betri ndogo pembeni.

Mimi nilikuwa nyuma yake muda wote. Nilimuuliza sauti inapitaje humo. Akaniambia inakatwakatwa vipande vidogo sana, kila kipande kinasafiri kivyake, na vikifika vinaunganishwa upya kabla sikio halijashtuka. Nilimwomba arudie. Akarudia. Mwanangu, nimeona Ziwa Tanganyika likichafuka, nimeona maporomoko ya Kalambo yakiruka hewani, na bado nasema jambo lile lilinisimamisha. Sauti ya mama wa watu, vipande vipande, halafu inafika nzima.

Na ilifika kweli. Binti yake wa Mwanza alipopiga, tulidhani yuko jikoni. Skola akaweza kuipokea simu ya nyumbani hata akiwa kazini, kwenye simu yake ya mkononi, kwa namba ileile. Bibi alikuwa akikaa kitini na kuisifia kama mtu anayesifia ng'ombe wake wa maziwa.

Kaka yake, ambaye sasa ni Mzee Deogratias, alibaki Matai. Bibi humpigia kila Jumapili akitoka misa, na salamu yake ni ileile. Ameshazeeka, magoti yanamsumbua, lakini mkonga unalazwa mezani, anashuka chini, makofi yanapigwa. Ndipo mazungumzo.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Jumapili za kwanza na simu mpya, mzee alijibu kwa kifupi. Zilizofuata, kwa kifupi zaidi. Akawa anasema anashughulika, kuna wageni, chaji inaisha. Bibi akadhani kaka yake anaumwa na anaficha. Na wakati huo harusi ya Skola ilikuwa imekaribia. Baba yake Skola alikwisha kufariki, na mkubwa aliyebaki katika ukoo ule ni Mzee Deogratias. Bila yeye kuketi mbele na kutoa neno, ndoa ingefungwa kanisani, ndiyo, lakini Skola angetoka nyumbani kama mtoto asiye na wenyewe.

Kisha akaja mfanyabiashara mmoja wa maharage kutoka Matai, akakataa hata kuketi. Alisema ametumwa, na aliyetumwa hana kosa. Mzee amesema hivi: dada yake, tangu apate simu ya kisasa, amekuwa mkubwa. Hasalimu tena. Basi na amwozeshe mtoto mwenyewe.

Nilimtazama Bibi Yustina. Aliitazama mikono yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini.

Skola alilia, kisha akakasirika, kama vijana mnavyofanya. Alitaka ile simu ing'olewe siku hiyohiyo na ya zamani irudishwe. Lakini waya wa zamani ulikuwa umekwisha kuteremshwa nguzoni. Akataka pia kumpigia mzee na kumweleza kwamba anamwonea bibi. Bibi akamkatalia kwa kidole kimoja tu.

Mimi nikatoka nje. Sikuwa na busara yoyote, nilikuwa na swali. Nilikwenda mpaka kwenye duka la kona, nikaipigia ile simu ya nyumbani kwa simu yangu ya tochi. Skola akapokea. Nikamwomba aongee kidogo, nikamsikia vizuri. Nikamwambia alaze mkonga mezani apige makofi kama bibi. Nikasubiri. Nikasikia kimya, kimya kile cha mtu aliyezama majini. Nikadhani hajapiga. Aliponyanyua tena akaniuliza, "Umesikia, babu? Viganja vinaniuma."

Nikamwambia agonge kijiko mezani. Kikasikika kidogo, kikafifia. Arudie makofi. Kimya.

Tukamwita Gwamaka. Alisikiliza mwenyewe, akakuna kichwa, kisha akaanza kucheka, halafu akaona nyuso zetu akaacha. Alieleza kwamba kile kifaa kimefundishwa kupenda sauti ya mtu. Kelele nyingine zote, mbwa anayebweka, mvua juu ya bati, mlango unaojifunga, kinazichuja na kuzitupa ili mazungumzo yawe safi. Ndiyo maana Mwanza ilisikika kama jikoni. Na makofi ya bibi, kifaa kiliyaona ni kelele.

"Kwa hiyo kaka yangu amekuwa akisikia nini?" Bibi aliuliza.

"Hakuna kitu, bibi. Kimya. Halafu unaanza kuongea."

Jumapili zote zile, mwanangu. Mzee mmoja Matai ameshika simu sikioni, anangoja makofi, yanakuja mazungumzo matupu. Na kwa mila yetu mkubwa haombi salamu. Angeiomba, ingekuwa imekwisha kuharibika. Na bibi naye asingeweza kuuliza kama salamu imefika, maana salamu haidaiwi risiti. Kila mmoja alishika adabu yake barabara, na adabu yenyewe ikawafunga midomo wote wawili.

Gwamaka aliingia kwenye mipangilio ya kifaa, akabonyeza hiki na kile, akakizima kile kichujio. Tulijaribu kutoka dukani, nikayasikia makofi, pamoja na kuku wote wa uani. Mimi nikaona kazi imekwisha. Nikamwambia bibi ampigie kaka yake sasa hivi, nami nimweleze habari ya kichujio.

Akanitazama kama alivyomtazama yule fundi zamani.

"Mtu wa njia, wewe umezunguka sana lakini hili hukulikuta. Kaka yangu hadai maelezo, anadai salamu. Tumpelekee salamu kwanza. Mashine itajieleza baadaye."

Asubuhi tukapanda gari la Matai, yeye, Skola na mimi. Njia nzima nilikuwa nimejaa maelezo, yananiwasha kooni. Tulimkuta mzee barazani anapukuchua mahindi. Alituona, akaendelea kupukuchua. Bibi Yustina, na magoti yake yale, alishuka mpaka chini kwenye vumbi, akakunja viganja, akapiga makofi taratibu, yote, mpaka mwisho. Skola akachuchumaa nyuma yake naye akapiga. Mzee akaacha mahindi.

"Kumbe mikono bado unayo," alisema. "Nilidhani umeiuza ukanunua simu."

"Ninayo, kaka. Na hakuna Jumapili niliyoacha."

Mzee akanigeukia mimi. Bibi akaniashiria, sasa sema. Nikasema yote, kichujio, mbwa, bati, na jinsi nilivyosimama dukani nikisikia kimya. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza kitu kimoja tu, kama makofi hayo yaliyotupwa yanaweza kurudishwa. Nikamwambia hapana.

"Salamu zangu zote hizo zimeliwa na mashine," akasema polepole, "na mimi nikamkasirikia mtu."

Lakini hakusema kama atakuja harusini. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, tukanywa togwa, tukazungumza mambo mengine yote isipokuwa hilo. Tulipoaga, akamwambia dada yake, "Ukifika, piga. Nitajua."

Tulipofika nyumbani bibi hakuvua hata kitenge cha safari. Alibonyeza namba, akaisikia sauti ya kaka yake, akaulaza mkonga mezani. Akashuka. Makofi yakapigwa katika chumba kile kilekile tulichofikishia waya nikiwa kijana. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha sauti ya nje ili na Skola asikie, akabaki palepale chini akingoja.

Kimya. Skola alinishika mkono mpaka ukauma. Nami nilianza kuhesabu waya na vifaa vyote kichwani, ni kipi tena tumekisahau.

Ndipo sauti ya mzee ikatoka, karibu, kana kwamba yuko humo ndani.

"Nimesikia, mdogo wangu. Rudia. Na wa huku kwangu wasikie."

Bibi Yustina akarudia. Mzee akafuatisha kwa kusema atashuka Sumbawanga siku mbili kabla ya harusi, na kwamba kiti chake kisiwekwe karibu na maspika.

Mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu nawe unahamia nyumba mpya, na najua kesho kutwa utafunga simu kama ile. Ifunge. Usiogope vitu vipya. Mimi nimevifuata maisha yangu yote na nimejifunza kwavyo kuliko darasani. Shika namba ya nyumbani isipotee, weka betri kwa ajili ya giza, na muulize fundi mpaka achoke. Lakini ujue kwamba kila kifaa kimefundishwa na mtu fulani nini kihesabiwe sauti na nini kihesabiwe kelele, na mtu huyo hakumjua Bibi Yustina. Kinachokuhusu wewe, kikague mwenyewe. Na ukiona mpendwa wako amepoa ghafla, usikimbilie kusema amebadilika. Nenda kwanza usikilize kutoka upande wake, pale anaposimama yeye. Ukigundua kilichoharibika, usimtumie maelezo. Mpelekee salamu, kwa miguu yako kama inawezekana, maelezo yatapata nafasi yake.

Mungu akupe nyumba yenye simu inayolia kwa mambo ya heri, na mikono isiyochoka kusalimu. Watu wako wakusikie ukiwa mbali, nawe uwasikie. Na siku mimi nitakapopiga kutoka njia yoyote nitakayokuwa, upokee, mwanangu, uulaze mkonga mezani, unisalimu. Nitangoja.